Kisu cha Kwanza

*Shikamoo Bibi,*

*Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi mkoani Tanga. Mwanangu wa kwanza ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Mwezi wa tatu alirudi uwanjani akichechemea, akasema amepigwa teke juu kidogo ya goti. Tulimpaka dawa ya kuchua, akapata nafuu, kisha maumivu yakarudi. Usiku ndipo yanapomzidi, namsikia anavyojigeuza kitandani. Mama mkwe akatupeleka kwa mzee mmoja anayechua mifupa. Tulikwenda mara sita, na kila tukirudi uvimbe umeongezeka. Sasa ni mgumu kama jiwe na mishipa inaonekana juu ya ngozi.*

*Hospitali wamempiga eksirei. Daktari aliniita pembeni akanionyesha: mfupa wa paja umeliwa upande wa chini, na kandokando umetoa kitu kama miale ya jua. Akasema huenda ni saratani ya mfupa, lakini hawezi kujua mpaka wakate kinyama kikapimwe. Amenipa barua ya rufaa ya Muhimbili. Tena akanionea huruma, akasema kama nauli ni shida yeye mwenyewe anaweza kukikata Jumatano ijayo.*

*Nyumbani ni vita. Shemeji yangu anasema saratani ikiguswa na kisu inasambaa, ameshazika wawili. Mama mkwe anasema kijana karogwa kwa sababu ya kipaji chake cha mpira. Mume wangu amenyamaza tu. Nasikia huko Muhimbili watamkata mguu. Mtoto mwenyewe hatujamwambia, anajua ana jipu la ndani.*

*Bibi, nikubali akatwe? Na je, ni mimi niliyemchelewesha?*

*Mama wa Kifungua Mimba, Tanga*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, nikapigia mstari neno moja: Jumatano. Maswali yako mengine nitayajibu, lakini hilo ndilo lenye saa yake. Kinyama kisikatwe Jumatano. Wala sikuambii hivyo kwa sababu za shemeji yako, ingawa utaona mbele kwamba shemeji hakukosea moja kwa moja.

Mimi si daktari. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa mpaka nilipostaafu, na mengi ninayokuandikia niliyajua kwa kufunga vidonda vya watoto wa watu. Uvimbe juu ya goti kwa kijana aliye kwenye umri wa kurefuka, maumivu yanayoamsha usiku, mfupa ulioliwa huku ukitoa miale: dalili hizo zinafanana na ugonjwa uitwao osteosakoma. Ni saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe, si ile iliyotoka kwenye titi au tezi dume ikahamia mfupani. Ni adimu. Daktari wa wilaya anaweza kufanya kazi miaka mingi akawa ameiona mara mbili tatu tu, kwa hiyo huyo wako aliyeitambua miale kwenye picha mshukuru. Nusu hivi ya wagonjwa huipata karibu na goti, na wengi ni vijana wa umri wa mwanao. Goti ndipo mifupa ya mguu inaporefuka kwa kasi, na seli zinazogawanyika kwa kasi ndizo zenye nafasi kubwa ya kukosea.

Nimesema zinafanana. Eksirei haitoi hukumu. Usaha wa ndani ya mfupa nao hula mfupa, na kwetu huku pwani, penye watoto wengi wenye selimundu, usaha huo si mgeni. Kifua kikuu cha mfupa kipo. Kuna na vivimbe vingine vya mfupa visivyoua. Ndiyo maana kinyama hakikwepeki, na mtu yeyote atakayetaka kukata mguu wa mwanao kabla kinyama hakijajibiwa, mkatalie.

Basi kama hakikwepeki, kwa nini si Jumatano?

Wengi hudhani kukata kinyama ni jambo dogo, kama kutoa damu. Kwenye saratani ya mfupa sivyo. Sindano au kisu kikiingia kwenye uvimbe na kutoka, njia yote kilikopita inahesabiwa imechafuka, maana damu inayofuata nyuma huweza kubeba seli za saratani. Siku ya upasuaji mkubwa, yule mpasuaji lazima aiondoe njia hiyo pamoja na uvimbe, kuanzia kovu la juu ya ngozi mpaka chini. Anayejua hilo hupitisha sindano yake mahali ambapo yeye mwenyewe, miezi mitatu baadaye, atapitisha kisu. Na kama ni lazima apasue badala ya kuchoma sindano, hupasua kwa urefu wa mguu, mkato mfupi, mbali na mshipa mkubwa wa damu, na huzuia damu isimwagike ndani ya nyama. Asiyejua hukata kwa upana kwa sababu kovu la upana hupona vizuri. Kovu hilo zuri ndilo humnyima mtoto mguu.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Aliletwa kwetu msichana kutoka hospitali ambayo sitaitaja. Walidhani ni jipu, wakampasua kwa upana juu ya goti, usaha haukutoka. Alipotufikia uvimbe ulikuwa umejitokeza nje ya kidonda kama koliflawa, unavuja damu kila tulipobadilisha bandeji. Mpasuaji wetu aliangalia, akavua glavu, akatoka nje. Baadaye alituambia kwamba kwa picha za mwanzo mguu ule ungeokolewa.

Usidhani ni kisa kimoja cha bahati mbaya, wala usidhani ni umaskini wetu tu. Huko Marekani, Henry Mankin, bingwa wa saratani za mifupa wa Boston, alikusanya na wenzake habari za wagonjwa 597 na kuzichapisha mwaka 1996. Waliona kwamba makosa na madhara yalikuwa mengi zaidi, kati ya mara 2 na mara 12, pale kinyama kilipochukuliwa na hospitali iliyompeleka mgonjwa badala ya ile iliyomtibu. Wagonjwa 18 walikatwa viungo ambavyo havikustahili kukatwa, kwa sababu tu ya namna kinyama kilivyochukuliwa. Mankin alikuwa ameshapiga kelele hiyohiyo mwaka 1982, na miaka kumi na minne baadaye hali ilikuwa karibu ileile.

Sasa unaona shemeji yako alipopatia. Kisu kibaya kinaweza kweli kumwaga ugonjwa pale mguuni. Alipokosea ni kudhani kwamba usipoguswa utatulia. Wale wawili aliowazika sikuwajua, lakini nimewaona wengi waliofika kwetu saratani ikiwa imeshapanda mapafuni, ndipo wakaguswa, kisha ndugu wakamlaumu wa mwisho kushika kisu. Mwambie hivi: Baba mdogo, umesema kweli, ndiyo maana tunampeleka mtoto kwa anayejua kukishika. Mpe na kazi ya kuwasindikiza. Mtu mwenye sauti kubwa nyumbani ni afadhali awe kwenye basi pamoja nanyi.

Kwa daktari nako usiende kwa ugomvi. Amekufanyia wema. Mwambie, "Daktari, nimeambiwa kinyama cha mfupa kichukuliwe na yuleyule atakayefanya upasuaji. Naomba unisaidie mtoto apokelewe mapema." Muombe apige simu Taasisi ya Mifupa ya MOI, pale Muhimbili, kabla hamjapanda gari. Simu ya daktari kwa daktari hufupisha foleni kuliko barua.

Kuhusu kuchua: kukome leo. Si kesho.

Mfupa ule sasa ni kama mti ulioliwa na mchwa, kwa nje umesimama. Akiteleza bafuni, ukivunjika, damu yenye seli za saratani humwagika kwenye nyama za paja na kuokoa mguu kunakuwa kugumu zaidi. Asiukanyagie mguu huo. Asikandwe kwa maji ya moto, asifungwe majani, asichanjwe.

Je, ni wewe uliyemchelewesha? Nitakujibu kama ningemjibu binti yangu. Wiki mlizokwenda kwa mzee zilipotea, na sitakudanganya kwamba hazina bei. Lakini ugonjwa hukuuleta wewe, wala teke halikuuleta. Kila kijana mwenye ugonjwa huu ana hadithi ya teke au kuanguka, kwa sababu vijana wote hupigwa mateke na kuanguka. Teke humfanya mtu auangalie mguu wake, basi. Na ungekwenda hospitali siku ile ya kwanza, kuna uwezekano mkubwa ungerudi na vidonge vya maumivu, maana hata huko kwenye mashine za kila aina, maumivu ya goti ya mcheza mpira huanza kutibiwa kama maumivu ya goti ya mcheza mpira.

Mama mkwe usishindane naye. Ila siku akiwa ametulia mwambie kwamba mwaka 2016 wataalamu walieleza mfupa wa unyayo uliochimbuliwa kwenye pango la Swartkrans, Afrika Kusini, wa tangu miaka ipatayo milioni 1.7, na mfupa huo ulikuwa na saratani ya aina hii. Huko hakukuwa na ligi ya wilaya ya kumuonea mtu wivu.

Nikueleze kitakachotokea Muhimbili, usije ukadhani wanakuzungusha. Kabla ya kinyama watataka picha. MRI ya paja zima, kuanzia nyonga mpaka goti, kwa sababu ugonjwa huu huweza kuruka ndani ya mfupa uleule na kuacha kipande kizima katikati. Kisha CT ya kifua, kwa kuwa ukisafiri hupenda mapafu kuliko mahali pengine popote. Picha zitangulie, maana kinyama kikishachukuliwa damu na uvimbe wa kidonda huchafua MRI. Ndipo kinyama. Majibu hayatoki siku mbili, maana mfupa ni mgumu na lazima kwanza ulainishwe kwa dawa kabla ya kukatwa vipande vya kuangaliwa kwenye hadubini. Uliza tarehe ya majibu, iandike, siku hiyo ikifika nenda mwenyewe ukaulize.

Ikithibitika, usishangae wakikwambia upasuaji bado. Hapa ndipo wazazi wengi hukasirika na kumrudisha mtoto nyumbani. "Wameshasema ni saratani, wanasubiri nini?" Wanasubiri dawa za dripu zitangulie, kwa kawaida wiki kumi hivi. Kabla ya miaka ya 1970 tiba ilikuwa kukata mguu na kuomba Mungu. Mguu ulikatwa mapema na kwa juu, na bado katika vijana kumi walipona wawili hivi, kwa sababu siku kisu kinashuka seli ndogo zisizoonekana kwa picha yoyote zilikuwa zimeshafika mapafuni. Dawa ndizo zilizogeuza mambo. Panapopatikana tiba kamili, na ugonjwa ukiwa haujaonekana mapafuni, sasa hupona sita mpaka saba katika kumi. Mwanao ataingia kwenye kundi gani, picha ya kifua ndiyo ya kwanza kusema. Isemapo vibaya nayo si mwisho, kwani vivimbe vichache vya mapafuni huweza kupasuliwa.

Dawa zenyewe ni kali. Moja, doksorubisini, ni nyekundu kama juisi ya rozela na mkojo utatoka mwekundu: si damu, usipige mayowe. Nyingine, sisplatini, huchosha figo na masikio, kwa hiyo maji ni mengi, na akianza kusema masikio yanavuma mwambieni daktari siku hiyohiyo. Nywele zitanyonyoka, zitaota. Homa ndiyo ya kuogopa: akipata joto katikati ya mizunguko ya dawa usimpe panadol ukasubiri asubuhi.

Sasa mguu. Nilikuwa nauahirisha kama wewe.

Kanuni ya mpasuaji ni kwamba uvimbe utoke bila yeye kuuona. Autoe ukiwa umezungukwa na nyama nzima isiyo na ugonjwa, kama unavyong'oa mche na udongo wake ili mizizi isiguswe. Ikiwa mshipa mkubwa wa damu na neva za mguu hazijamezwa na uvimbe, inawezekana kutoa kipande cha mfupa pamoja na goti na kuubakiza mguu. Pengo hujazwa. Kuna goti la chuma, ambalo ni ghali, na kwa kijana linaweza kulegea au kuingia wadudu, akarudi tena kwenye meza ya upasuaji mara kadhaa maishani. Wajapani wa Kanazawa wao huchukua mfupa uleule wa mgonjwa, wakausafisha, wakaugandisha kwenye naitrojeni kimiminika mpaka seli za saratani zife, kisha wakaurudisha mahali pake na kuufunga kwa vyuma. Njia hii naipenda kwa sababu inafikiria nchi kama zetu. Mwulize mpasuaji, kwa mwanao na kwa hospitali yake, lipi linawezekana.

Kuna na upasuaji mwingine ambao ukiuona mara ya kwanza utashtuka. Kipande cha paja chenye ugonjwa huondolewa pamoja na goti. Sehemu ya chini ya mguu hugeuzwa nusu duara, ikapandishwa na kuungwa na paja. Vidole hutazama nyuma, kisigino mbele, na kifundo cha mguu hukaa pale lilipokuwa goti, kikafanya kazi ya goti. Mguu wa bandia huvalishwa kwenye unyayo huo. Mjerumani aitwaye Borggreve aliufanya mwaka 1927 kwa sababu ya kifua kikuu, na miaka ya 1970 madaktari wa Vienna wakauleta kwenye saratani. Macho huchukua muda kuuzoea. Lakini waliofanyiwa hukimbia, na mtoto mcheza mpira anaweza kuuchagua akakuacha wewe mama ndiye unayelia.

Na kuna kukatwa. Ikiwa uvimbe umekumbatia mishipa, au mfupa umevunjika vibaya, au kisu cha kwanza kilishaharibu, huenda ndilo jibu bora. Lisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia koridoni: waliokatwa mguu na waliookolewa mguu, wakiwa wamechaguliwa vizuri, huishi sawasawa. Kukataa mguu ukatwe ukaondoka na mtoto hakuuokoi mguu. Uvimbe utapasua ngozi, na mguu utakatwa baadaye, juu zaidi, kwa kijana dhaifu zaidi. Nimewapokea wengi wa namna hiyo kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mkanada Terry Fox alikuwa na miaka 18 mwaka 1977 alipokatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa ugonjwa huuhuu. Mwaka 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia, karibu kilomita 42 kila siku, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, ndipo ugonjwa ukaonekana mapafuni. Alifariki mwaka uliofuata. Sikusimulii ili nikutie matumaini ya bure, unaona mwenyewe ilivyoisha. Nakusimulia kwa sababu mwanao akikatwa mguu watu watakuja kukupa pole kama za msibani, na ni vizuri ujue kijana wa mguu mmoja alifanya nini. Hapa nchini, Moshi kuna chuo, TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981, na Dar es Salaam ipo hospitali ya CCBRT. Uliza mapema, kabla ya upasuaji, nani atampima mguu.

Nimemwacha mwisho mwenye mguu wake. Kijana wa kidato cha pili haamini habari ya jipu la ndani. Ameiona sura yako. Ameona baba yake amenyamaza. Atafika Muhimbili, atasoma vibao vya milangoni, na kitanda cha pili kutakuwa na mtoto asiye na nywele atakayemwambia yote kwa dakika tano. Afadhali alisikie kwenu. Baba yake amwambie, wewe ukiwepo, nyumbani, kabla ya safari: "Kuna uvimbe kwenye mfupa wako. Wanahofia ni saratani. Hatujui bado. Tunakwenda kupima, na kila watakachotuambia tutakuambia." Akiuliza kama atakatwa mguu msimjibu hapana. Mjibuni kwamba hamjui na kwamba hakuna atakayeugusa bila yeye kuelezwa. Huenda ndipo mume wako naye atakapopata cha kusema. Baba wengi hunyamaza kwa kukosa kazi.

Fedha: hospitalini kuna ofisa ustawi wa jamii. Muone siku ya kwanza, usisubiri bili ikushinde. Kwa watoto wenye saratani, shirika la Tumaini la Maisha limekuwa likishirikiana na Muhimbili kwa miaka, hivyo ulizia wodi ya watoto hao, na uulize kama miaka yake 15 inamruhusu kupokelewa huko.

Beba eksirei zote, hata ile ya mwanzo yenye ukungu, usiikunje. Beba barua ya rufaa, daftari na kalamu. Na kabla ya hayo yote mnunulie magongo kesho asubuhi. Ya mbao yanatosha.